Mikoko tuliyopanda mbona setilaiti haiioni?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni katibu wa kamati ya hifadhi katika shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, Pemba. Tangu 2019 tumepanda mikoko ukingoni mwa hori letu, kiasi cha ekari moja iliyo mahali pamoja, na mbali na hiyo kipande chembamba kinachofuata mkondo. Mwaka huu mfadhili wetu alitufungulia ramani ya setilaiti kwenye kompyuta. Pale tulipopanda hapana kitu, na upande wa juu, kwenye msitu wa zamani, panaonesha mikoko imepungua. Wanakamati wamevunjika moyo, na wengine wanasema ramani yote ni uongo. Je, kweli setilaiti inaweza kuona mikoko ikipotea na ikirudi? Sisi tusio wataalamu tunaweza kuzifuatilia picha hizo wenyewe? Na wakataji je, wataonekana?

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu katibu. Setilaiti inaiona mikoko, na inaiona vizuri. Ila ramani mliyofunguliwa haikutengenezwa kujibu swali la ekari moja, na aliyeigeuza kuwa hukumu ya kazi yenu amewaonea. Wanakamati wanaosema ni uongo nao wamepitiliza. Ramani hiyo ni ya kweli kwa kazi yake, na picha zilezile zilizoizaa zinaweza kuwajibu nyinyi zikisomwa kwa namna nyingine.

Kwa maelezo yako, yaelekea mlioneshwa Global Mangrove Watch au ramani ya jamii yake. Msingi wa matoleo yake ya awali ni mwaka 2010: wataalamu walichora mikoko ya dunia nzima kwa mwaka huo, kisha wakatafuta mabadiliko ya kabla na baada yake, kuanzia 1996, kwa picha za rada za Wajapani. Kazi kubwa kabisa. Inafaa kujua Tanzania inaelekea wapi, au Pemba nzima ikilinganishwa na delta ya Rufiji. Lakini kila kiraba cha picha, yaani pikseli, kina upana wa karibu mita 25, na vipande vyembamba vya mikoko, kama vile vya kando ya mkondo, ndivyo vinavyoponyoka kwa urahisi zaidi.

Tuipime ekari yenu. Ikiwa ni mraba, kila upande una mita 63 au 64. Picha za Landsat za Marekani zina pikseli za mita 30 kwa 30. Hesabu ya haraka itakwambia ekari inaingiza pikseli nne na nusu, lakini pikseli hazikupangwa kufuata mpaka wenu. Nyingi zitakuwa nusu mikoko, nusu tope au maji. Yaelekea itabaki pikseli moja tu iliyo yenu peke yenu. Picha za Sentinel-2 za Ulaya zina pikseli za mita 10, kwa hiyo ndani ya ekari hiyo mtapata kama 25 au 30 zilizo safi. Hapo pana cha kuzungumza. Kile kipande cha kando ya mkondo, ikiwa upana wake hauzidi mita 10 au 15, hata Sentinel-2 itakiona kwa kubahatisha. Msikitegemee katika ripoti yoyote ya picha. Hicho kipimeni kwa miguu.

Halafu kuna umri. Setilaiti inatazama kutoka juu, inaona majani. Mche wa mkoko uliochomekwa topeni una majani machache tu, na baina yake na mwenziwe kuna mita nzima ya tope. Kwa miaka ya mwanzo pikseli itaendelea kusema "tope" hata kama kila mche uko hai na una afya. Inaanza kubadilika miche inapotanua matawi na kukaribia kugusana. Mliyopanda 2019 huenda imeshafika hapo, hasa kama iko mahali pazuri. Iliyopandwa juzi na jana bado, na ramani ikinyamaza juu yake msidhani imekufa.

Sasa "kupungua" kwa msitu wa zamani. Hapa ndipo ninapotaka wanakamati wakae na kusikiliza, kwa sababu kosa hili linafanywa hata na watu wenye shahada. Mtu huchukua ramani ya mwaka mmoja, huchukua ya mwaka mwingine, hutoa moja kwa nyingine, na tofauti huiita upotevu. Tuseme kila ramani iko sahihi kwa asilimia 90, ambayo si mbaya. Kama makosa ya ramani ya kwanza hayana uhusiano na ya pili, mahali ambapo ramani zote mbili ziko sahihi ni asilimia 81 tu. Ikiwa msitu wenu umepungua kweli kwa asilimia 3, badiliko hilo linazama ndani ya makosa. Ukingo wa msitu ndio unaoumia zaidi, kwa sababu picha ikisogea hata nusu pikseli, mstari mzima wa ukingo hugeuka kutoka mikoko kuwa tope au kinyume chake. Mahori ya Pemba yote ni kona na vidole, yaani karibu kila kitu ni ukingo.

Njia iliyo bora ni kufuata pikseli ileile kwa miaka mingi na kuangalia inakwenda wapi. Ikipanda pole pole kwa miaka mitano, hiyo ni habari. Ikianguka ghafla na kubaki chini, hiyo nayo ni habari. Ikiruka juu na chini kila mwezi, basi anayecheza hapo ni bahari.

Na bahari ndiyo ninayotaka kuikalia kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya fani hii vimeandikiwa watu wa bara, na sisi wa visiwani tuna elimu wasiyokuwa nayo.

Landsat na Sentinel-2 hupita juu yetu karibu wakati uleule kila zinapokuja: kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Nyinyi mnalijua bamvua letu, zile siku za maji makubwa. Maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hutoka kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Ndiyo saa ambayo kina mama wa mwani wanashuka pwani. Kwa hiyo setilaiti ikipita siku ya bamvua inaikuta pwani iko wazi, tope na majani ya bahari yako nje mpaka mbali. Ikipita siku ya maji mafu, yale madogo ya baina ya bamvua na bamvua, inakuta kinyume: saa nne asubuhi ndipo maji yalipo juu, si juu sana, lakini yanatosha kufunika miche midogo ya ukingo wa bahari na kuigeuza pikseli kuwa maji. Shamba lilelile, wiki moja baadaye, mche haujafa hata mmoja, na kipimo kimeanguka.

Bamvua nalo lina hila yake. Majani ya bahari yaliyoachwa wazi na maji ni ya kijani, na setilaiti huyasoma kuwa mimea, jambo ambalo ni kweli, ila si mikoko. Mtu asiyejua pwani ataona kijani kimeongezeka mbele ya msitu na kutangaza kwamba mikoko imerudi. Kwa sababu hiyo, kabla ya kusema lolote juu ya shamba lenu, tazameni picha za bamvua za 2017 na 2018, kabla hamjapanda. Kama pale palikuwa na kijani tangu hapo, kijani cha leo hakiwezi kuwa ushahidi.

Landsat ina jambo lake jingine. Setilaiti moja ya Landsat hurudi mahali palepale kila baada ya siku 16, na bamvua hurudi kila baada ya siku 15 hivi. Namba hizo zimekaribiana mno. Matokeo yake picha mbili zinazofuatana hukuta bahari karibu katika hali ileile, kisha hali inahama taratibu. Unaweza kupata miezi kadhaa ambapo kila picha ni ya maji kutoka, ikifuatwa na miezi ambapo kila picha ni ya maji kujaa. Anayesoma bila jedwali la maji ataona msitu unakua kisha unakufa, na atatafuta sababu ambayo haipo.

Na mjue kwamba picha hizi hazijapata kulikuta bamvua letu limejaa, kwa sababu saa kumi setilaiti hizi hazipo juu yetu. Yale maji ya chumvi yanayopanda mabonde ya mpunga Pemba hayataonekana yakipanda. Huonekana baadaye tu, mpunga unapobadilika rangi. Kama kamati yenu ina malalamiko ya maji ya chumvi, tarehe na saa ziandikwe na mkulima mwenyewe.

Basi kanuni ninayowapa ni hii: linganisheni msimu na msimu wake, na maji na maji yake. Msimu mzuri kwetu ni kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, mawingu yanapokuwa na nafuu. Masika muyasahau kabisa, na vuli mara nyingi. Kwa kila mwaka chukueni picha zote safi za miezi hiyo zilizopigwa karibu na bamvua, na kwa kila pikseli tumieni thamani ya katikati badala ya kuitegemea picha moja. Wingu jembamba au kivuli cha wingu kilichojificha kwenye picha moja hakitakuwa na nguvu hapo.

Kipimo chenyewe kinachotumika zaidi ni NDVI, namba inayoonesha wingi wa majani mabichi. Jani lililo hai hunyonya mwanga mwekundu na hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ya karibu, ambao jicho letu haliuoni. Unachukua infraredi, unatoa nyekundu, unagawa kwa jumla yao. Msitu mzito wa mikoko hufika 0.7 na kuzidi, tope tupu huwa karibu na 0.1, na maji ya wazi huteremka chini ya sifuri. Lakini NDVI peke yake haitawatofautishia mikoko na minazi au kichaka cha maweni nyuma yake. Hapo wataalamu huongeza infraredi ya mbali kidogo, ambayo hunyonywa na maji. Chini ya mikoko daima pana unyevu, kwa hiyo katika bendi hiyo, yaani sehemu hiyo ya mwanga, mikoko huwa na giza kuliko miti ya nchi kavu. Mkizichanganya bendi kwa mpangilio unaofaa, mikoko hujitenga kwa rangi ya matofali iliyokolea, na hata mtoto wa skuli atawaonesha mpaka wake kwa kidole.

Kuna pia rada, kwa mfano Sentinel-1, ambayo hupenya mawingu. Inasaidia miezi ya mvua. Ila kuweni nayo macho: maji yakiwa chini ya miti, wimbi la rada hugonga maji, likagonga shina, likarudi na nguvu zaidi. Msitu huonekana kung'aa kana kwamba miti imeongezeka, kumbe ni maji tu yameingia.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi kuhusu mikoko yetu, ambalo picha hizi ni dhaifu kulionesha. Pemba ina mikoko mingi kuliko Unguja, na sehemu kubwa ya madhara yake si msitu kufyekwa ukawa uwanja. Ni mti mmoja leo wa nguzo, miwili kesho ya kuni, tanuri la chokaa mwezi ujao. Mkataji wa nguzo huchagua shina lililonyooka na kuacha lililopinda. Majirani hutanua matawi, pengo la juu linaziba, na NDVI inabaki palepale 0.7. Miaka inapita, ramani inasema msitu upo, na ndani yake kumebaki vijiti na visiki. Mkoko wenyewe, ile aina hasa yenye jina hilo, una udhaifu mkubwa hapa: ukishakatwa shina, hauchipui tena kwenye kisiki. Mchu, aina nyingine ya mikoko, huchipua. Kwa hiyo msitu uliochaguliwa hivi kwa miaka hubadilika aina ya miti bila kubadilika rangi kwenye picha. Mtu akikwambia ramani ya dunia inaonesha hali ni salama, mwambie aingie ndani ahesabu visiki.

Kuna maeneo mengine ambayo ni kinyume chake, yanaonekana yameharibika na hayajaharibika. Nyuma ya mikoko, upande wa nchi kavu, mara nyingi pana uwanda wa chumvi ulio mtupu, maji huufikia kwa bamvua kubwa tu, jua huukausha, na mti hauoti isipokuwa mchu mfupi mfupi. Uwanda huo ni wa asili. Mashamba ya chumvi hupenda kuwekwa hapohapo, na hula mikoko iliyo pembeni, kwa hiyo kwenye picha ya leo hivyo viwili hufanana. Kinachotofautisha ni historia. Picha za Landsat zenye pikseli za mita 30 zipo tangu miaka ya 1980, na tangu 2008 zinatolewa bure. Kwa Afrika Mashariki miaka ya 80 na 90 ina mapengo makubwa, na Landsat 7 ilipata hitilafu Mei 2003 ikaanza kutoa picha zenye mistari mitupu, lakini mtapata za kutosha kujua kama pale palikuwa na msitu.

Na hapa ndipo ninapoona picha hizi zingewafaa zaidi: kabla ya kupanda. Mikoko mingi inayopandwa na kufa, duniani kote, hupandwa mahali ambapo haikuwahi kuota, mara nyingi kwenye tambarare ya majani ya bahari mbele ya msitu, kwa sababu pale pako wazi, hapana mwenyewe, na ni rahisi kupiga picha ya sherehe. Maji hukaa muda mrefu kupita kiasi, mche unazama, na majani ya bahari yaliyokuwa malisho ya samaki yamekanyagwa. Fungueni picha za zamani, tafuteni mahali palipokuwa na mikoko na sasa hapana, kisha mwende mkaulize kwa nini haijarudi yenyewe. Kama ni kukatwa tu na miti mama iko karibu, ulinzi pekee unaweza kutosha, mbegu zitaletwa na maji. Kama mkondo umezibwa na barabara au tuta, mkipanda bila kuufungua mtapanda kila mwaka. Kama ni mchanga au tope lililomwagwa na mafuriko, kama yaliyoua mikoko ya Mwache, Mombasa, wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, basi kimo cha ardhi kimebadilika na huenda aina ya mti nayo ibadilike.

Umeuliza kama mnaweza wenyewe. Mnaweza. Kwa kutazama tu, tovuti ya Copernicus Browser hufunguka hata kwenye simu: mnachagua tarehe, mnachagua kuonesha NDVI, mnaona shamba lenu. Kwa kufuatilia miaka, Google Earth Engine hufanya hesabu zote kwenye kompyuta za Google, haiwalazimu kupakua kitu, lakini inahitaji mtu anayeandika maagizo ya programu. Kijana mmoja wa shehia aliyesoma SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, au anayesoma sasa atalifanya hili kwa mwongozo mdogo. Pia kuna hazina ambayo visiwa vingi vya bahari hii havina: kuanzia 2016, chini ya mradi wa ramani wa Zanzibar, Kamisheni ya Ardhi na SUZA walipiga picha visiwa vyetu kwa ndege zisizo na rubani, kwa undani wa sentimita chache, mti mmoja mmoja unaonekana. Hiyo ni hali ya kabla ya upandaji wenu, na ni vigumu kwa yeyote kubishana nayo.

Ardhini, kazi ni ya matope lakini ni nyepesi. Weka viraba vya mita 10 kwa 10, baadhi ndani ya shamba, baadhi katika msitu wa zamani, na uvichague kwa kura, visiwe vile vinavyopendeza. Kila kiraba kiwe mbali na ukingo, angalau mita 20, kwa sababu GPS ya simu hukosea mita 5 hadi 10, na chini ya miti huzidi. Hesabu miche iliyo hai kwa aina yake: mkoko, msinzi, mkandaa, mchu, mlilana. Hesabu visiki, na utenganishe vibichi na vikavu. Kisha weka simu kifuani, kamera itazame mbinguni, piga picha moja. Picha hiyo ya majani na mbingu ndiyo itakayowaambia kwa nini pikseli ya pale inasoma 0.5 na si 0.7. Rudini kila mwaka katika kusi, viraba vilevile.

Wakataji hawataonekana. Picha za bure hazioni mtu wala mti mmoja, na hata eneo lililofyekwa hujulikana siku kadhaa baadaye, wingu likiruhusu. Msitishie watu kwa setilaiti. Wakigundua kwamba haiwaoni, na watagundua, kamati itapoteza heshima yake hata katika yale ambayo picha zinathibitisha kweli. Ulinzi wa kila siku ubaki kwenu, kwa sheha na kwa Idara ya Misitu.

Kwa mfadhili, mwaka huu mwandikieni kwamba ekari ya 2019 itasomwa kwa Sentinel-2, picha za kusi za karibu na bamvua, kuanzia 2017 hadi sasa, pamoja na hesabu ya viraba. Kipande cha kando ya mkondo kitaripotiwa kwa hesabu ya ardhini peke yake. Kuhusu msitu wa zamani, mwombeni awape mahali hasa pa pikseli zilizopotea, mwende mkazikague moja moja kabla neno "kupungua" halijaandikwa popote. Mkikuta visiki vibichi, viandikeni kwa idadi yake, hata kama vinawaumiza.